Uzi Mfupi wa Loisi Namfukwe

Loisi Namfukwe alikuwa mpigaji. Nalisema mwanzoni kabisa, asije mtu akadai kwamba nampamba shoga yangu. Alimpiga dereva wa lori kwa kiatu, na kiatu chenyewe alimvua huyo huyo dereva. Alimzaba makofi mgambo aliyemwaga karanga za mama mjamzito pale stendi. Mumewe alimpiga mara moja tu, ujanani, kule Momba. Majirani waliokuja kuamulia waliishia kumbeba bwana kumpeleka hospitali, na alipopona alihamia kwa dada yake upande wa Zambia, hakurudi tena. Kwa Wanamwanga, mwanamume wa ukoo ule huitwa Simfukwe na mwanamke Namfukwe. Nilikuwa nikimtania kwamba kwake walikosea, wangempa tu lile la kiume.

Mimi ni Zakia, Mrangi wa Kondoa. Marehemu mume wangu alikuwa na malori, malori ndiyo yaliyonileta Tunduma, na alipofariki nikabaki hapa Chapwa na kibanda changu cha vitenge. Mdomo wangu na mkono wa Loisi vilielewana tangu siku ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwenye maghala ya mahindi, na msimu wa kahawa alikwenda Igamba. Sindano ya gunia ni ndefu kama kalamu, nene, imepinda kidogo nchani. Loisi alikuwa akitunga uzi wa katani mrefu, anachoma, anavuta, na mkono unapaa hewani mpaka juu ya kichwa chake, halafu unashuka tena. Wapagazi walijua kukaa mbali na kiwiko kile. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na hakuona haya kuuonyesha.

Kikundi chetu cha akina mama kilianzishwa na Fides, mzaliwa wa Ibaba, huko Ileje ambako baridi haina mzaha. Yeye ndiye aliyetufundisha kushona blanketi la viraka: juu vipande vya vitenge vilivyoungwa, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Kila mwaka tulishona moja, likanadiwa kwenye harambee, na kilichopatikana kikaenda kwenye chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu. Vipande vilitoka kibandani kwangu. Anna, binti pekee wa Loisi, ndiye aliyekuwa fundi wetu wa cherehani, na ndiye aliyemleta mama yake.

Sasa vidole vya magunia utavipa kazi gani kwenye kitenge? Tukavipa pindo. Pindo ni ule mkanda wa kitambaa unaozunguka ukingo wote wa blanketi ili ndani kusichungulie. Mbele unashonwa kwa cherehani, kisha unakunjwa kwenda nyuma na kushikizwa kwa mkono, mchomo baada ya mchomo, uzi usionekane. Kazi hiyo ilitutoa machozi sisi wengine. Loisi aliipenda. Alitunga uzi mrefu kama wa magunia, akavuta, mkono ukaenda juu, na upande mzima ukaisha bila fundo hata moja. Mkaguzi nilikuwa mimi: nafumba macho, napitisha kidole kwenye pindo, na kidole kikigonga fundo nafumua hapo hapo, sijali ni la nani.

"Mshonaji mvivu hutunga uzi mrefu," nilimwambia siku moja.

"Na mwoga hutunga mfupi," akajibu, akaendelea kuvuta.

Tulikuwa na desturi yetu siku ya harambee. Kipande cha mwisho cha pindo, shubiri moja tu, tulikiacha wazi. Aliyelinunua blanketi alivishwa mabegani mbele ya watu, na mwanamke aliyeshona pindo alikuja kuimalizia ile shubiri blanketi likiwa mwilini mwa mnunuzi, vigelegele vikipigwa. Sharti lilikuwa moja: hatikisiki mtu mpaka uzi ukatwe.

Anna alikuwa ameolewa na Watson, wakala wa kupitisha mizigo mpakani. Mtanashati, suti kila siku, mchango wake haukukosekana kwenye msiba wa mtu. Walikuwa na mtoto mmoja, Sekela. Kukaja wakati Anna akawa anashona cherehani kwa mkono mmoja. Alisema mlango umembana. Baadaye mlango ukambana taya. Baadaye tena mlango ukamwachia alama ya pete shavuni.

"Rudi nyumbani," Loisi alimwambia mbele yetu.

"Amesema nikitoka natoka peke yangu, mama. Sekela nimwachie nani?"

Asubuhi moja Watson alipiga simu kwamba Anna ameteleza bafuni, amefariki. Loisi ndiye aliyemwosha mwanawe, na alichokiona aliniambia, nami nakisema kama alivyokisema. Kisogo kilikuwa kimelainika kama papai lililoanguka. Nywele za utosini zilikuwa zimeng'oka pamoja na ngozi. Na shavuni palikuwa pamechorwa upya.

"Sakafu haina pete, Zakia," alisema.

Cheti kiliandikwa kuteleza. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakanywa chai, wakakubali kuteleza. Watu walikuwa bado wamekaa matangani pale Loisi alipoingia na sindano ya gunia na kumchoma Watson pajani. Aliizamisha mpaka mfupani, akaing'ang'ania, na wanaume wanne walihangaika kumbandua. Akawekwa ndani. Alipotoka, mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba mwenye wazimu Tunduma ni Loisi. Watson alitembea na fimbo, akipewa pole kila kona, na Sekela akabaki kwake. Nani angempa mtoto mwanamke wa namna ile? Bibi akapigwa marufuku hata kumsogelea mjukuu njiani.

Hapo ndipo moto ulipokuwa. Loisi angeweza kumlia Anna mpaka afe, lakini Sekela alikuwa hai, ndani ya nyumba ile ile yenye bafu lile lile. Alikuwa akisimama mbali kumtazama akienda shule, na alirudi kibandani kwangu akaniambia mtoto siku hizi anatembea ameegemea ukuta. Alikuwa akisema hayo huku anapiga meza yangu kwa ngumi. Meza ile imepasuka mpaka leo.

Nguo za marehemu, matanga yakiisha, hugawiwa ndugu. Watson alizileta kwenye kiroba, akazimwaga mlangoni kwa Loisi kama takataka. Loisi hakuzigawa. Alizibeba mpaka kwetu, akachukua mkasi. Shangazi wawili walimfuata wakipiga mayowe kwamba nguo ya maiti haikatwi, kwamba anajiletea laana, mmoja akamshika mkono. Akamsukuma akaangukia mitungi ya maji. Kisha akakata, moja baada ya nyingine.

"Blanketi la mwaka huu ni la Anna," alisema. "Lile lile la hisani. Pindo ni langu."

Tulishona. Kila kipande tulikijua. Vingi nilimuuzia Anna mwenyewe.

Shida ilikuja tuliposikia mgeni rasmi wa harambee. Alikuwa Watson, maana alikuwa anaunyemelea udiwani na mkono wake ulikuwa umefunguka. Fides alinijia mbio.

"Dada Zakia, Mama Anna asije. Atamuua mbele ya watoto."

Loisi alikuwa mlangoni, alisikia. Alisema, "Sitampiga."

Fides akacheka kwa woga. Mimi nilicheka kwa kumjua.

"Naapa kwa kaburi la mwanangu. Mkono huu hautampiga." Akaingiza vidole kifuani, akaitoa sindano ya gunia, akaniwekea kiganjani ikiwa bado na joto la mwili wake. "Kaa nayo wewe."

Niliifungia kwenye droo ya kibanda, na roho yangu haikutulia.

Siku yenyewe turubai lilisimikwa uwanjani, muziki ukapigwa mpaka masikio yakauma, viongozi wakaketi kwenye viti vyenye vitambaa. Sekela alikuwa mstari wa mbele, gauni jipya la ngazi, mikono juu ya magoti. Blanketi likafunuliwa. Nilimkazia macho Watson nikingoja alitambue. Hakulitambua. Miaka yote ile aliishi na mwanamke, alimrarulia nguo zile mwilini, na hakuijua hata moja! Nilimchukia zaidi kwa hilo, na nikaelewa kwamba Loisi alijua itakuwa hivyo.

Mnada ukaanza, na mgeni rasmi hawezi kuachia mwingine apande juu yake mbele ya wapiga kura. Watson alitaja bei iliyowanyamazisha wote. Wakamvisha blanketi, shangwe, na mshereheshaji akaita: "Fundi wa pindo apite mbele!"

Loisi alipita. Uwanja ukanywea. Mzee mmoja wa Kinamwanga alisimama kwa ghadhabu. "Mama mkwe hamgusi mkwewe! Mila gani hii?"

"Aliyetufanya wakwe amekufa, baba," Loisi alimjibu kwa heshima.

Watson aliona simu za watu zimeinuliwa. Akacheka kwa sauti. "Mwacheni mama yangu. Sisi tulishasameheana."

Mimi nilishika ukingo wa kitambaa, ndiyo kazi yangu siku hizo, kwa hiyo nilikuwa karibu kuliko wote. Loisi alisimama nyuma ya Watson na sindano ndogo, uzi mrefu. Alichoma, akavuta, mkono ukapaa juu ya kichwa cha Watson, na watu wote wakavuta pumzi. Mkono ukashuka taratibu. Akachoma tena. Vigelegele vikaanza, vya uoga uoga, kisha vikakolea, na chini ya vigelegele hivyo Loisi akaanza kuzungumza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Hiki cha begani ni kitenge cha mahari yake. Unakikumbuka?"

Watson alitabasamu kwa watu.

"Hiki cha mgongoni alikuja nacho kwangu siku uliyomvunja vidole. Hiki cha kijani alikivaa akiwa na mimba ya pili. Ile uliyoitoa kwa teke."

"Mama, acha," Watson alisema bila kufungua meno.

"Simama wima, mkwe. Uzi haujakatwa." Mkono ukapaa, ukashuka. "Na hiki kinachokugusa shingo ni khanga aliyofia bafuni. Sikuifua."

Jasho lilimtiririka Watson mpaka kwenye tai. Ndipo nilipoona sindano inapita pasipo pake. Ilipita kwenye pindo, ikapita kwenye kola ya koti lake, ikarudi. Ikapita tena. Nilijua anachofanya. Nilikaza kitambaa vizuri ili ashone vizuri.

Watson hakuvumilia. Alilikung'uta blanketi alitupe, likamng'ang'ania shingoni. Akalivuta kwa nguvu, likamkaba, akayumba, kiti kikaanguka, na watu wakacheka wakidhani ni vichekesho vya harambee. Kicheko kile ndicho kilichommaliza. Aligeuka, akamkamata Loisi kwa kilemba na nywele zilizokuwa chini ya kilemba, akambamiza kichwa kwenye pembe ya meza ya zawadi.

Mlio ule ninausikia hata sasa.

"Mna vichwa vigumu!" alipiga kelele. Akambamiza tena. "Wewe na mwanao! Vigumu!" Akambamiza tena, damu ikaruka kwenye kitambaa cheupe cha meza na usoni kwangu. Pete yake ilimchana Loisi kuanzia jicho mpaka taya.

Na mikono ya Loisi ilining'inia. Mkono ule uliowaangusha madereva na mgambo ulining'inia kama wa mtu aliyelala. Mimi nilipagawa. "Mpige, Loisi!" nilipiga yowe. "Mpige!" Hakumpiga. Alinitazama kwa jicho moja lililobaki wazi, kisha akazungusha jicho kuelekea mstari wa mbele, nami nikafuata.

Watoto wote walikuwa wanalia isipokuwa Sekela. Sekela alikuwa ameshateremka chini ya kiti chake bila kelele, magoti kifuani, mikono miwili juu ya kichwa, ametulia kabisa. Alifanya hivyo kama mtoto mwingine anavyonawa mikono kabla ya kula. Hakuna mtu mzima pale uwanjani ambaye hakuelewa.

Fides, yule mpole wa Ibaba ambaye hata kuku huwaomba majirani wamchinjie, alichukua kigoda akakivunja mgongoni kwa Watson. Kisha tukamwangukia wote. Sitasema uongo kwamba nilikuwa naamulia. Nilimpiga kwa kiatu, nilimpiga kwa ngumi, nilimng'ata mkono wenye pete mpaka nikaonja chumvi. Alijaribu kutoka ndani ya blanketi, na kila alipolivuta ndivyo lilivyomkaza. Aligaagaa mavumbini amefungwa kwenye nguo za mke wake, analia "mama, mama," na sijui alikuwa anamwita mama yupi. Wanaume ndio waliomwokoa tusimuue, na polisi wakampakia garini blanketi likiwa bado mgongoni. Kituoni ilibidi kola ikatwe kwa mkasi.

Yupo rumande. Kesi inaendelea na siisemei, ila wazee wale wale waliokunywa chai wakakubali kuteleza walikwenda wenyewe kuandika maelezo mapya, na ile video ya harambee kila mtu anayo. Watu wa ustawi wa jamii walimleta Sekela kwa bibi yake na mfuko mmoja wa nguo.

Loisi alipoteza jicho la kushoto. Kichwani alishonwa hospitali, na siku ya kwanza nilipomtembelea alinigeuzia kichwa nione.

"Wamenishona vibaya," alisema. "Wavivu. Uzi mrefu."

Nilicheka mpaka nikalia, na nikaendelea kulia.

Polisi walipoturudishia blanketi, wenzetu walitaka lichomwe. Loisi alikataa katakata. Lilishonwa kwa ajili ya wazazi wa zahanati, alisema, na Anna hakuwahi kuwavunjia ahadi. Tukalifua mara nyingi mpaka maji yakatoka safi. Tukafumua zile nyuzi zilizoshika kola. Ikabaki ile shubiri ya mwisho ya pindo.

Aliimalizia barazani kwangu, asubuhi ya jua zuri. Mimi nilikuwa napanga vitenge. Sekela alikaa kwenye mkeka miguuni pa bibi yake, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa na siku kadhaa tu kwetu, hasemi sana, lakini asubuhi hiyo aliligusa blanketi akasema, "Hiki cha mama," na bibi akamwambia ndiyo, ni cha mama. Loisi akatunga sindano kwa jicho moja, kwa shida, uzi mrefu kama alivyozoea. Akachoma. Akavuta, na mkono ukapaa.

Ungo ulianguka. Maharage yakatawanyika baraza zima, na Sekela alikuwa chini, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa.

Loisi alibaki na mkono juu. Aliutazama mkono wake mwenyewe, ule mnene, ule aliokuwa akijivunia, na uso wake ukabadilika nisivyopata kuuona, hata msibani. Nilijua anauona kama mtoto anavyouona. Aliushusha polepole mpaka mapajani. Akaukata uzi kwa meno, akatunga mwingine, mfupi kama kidole.

Uzi wa namna hiyo unatosha michomo mitatu minne, kisha unafunga fundo na kutunga upya. Alishona hivyo shubiri nzima. Mkono haukupanda juu ya kifua hata mara moja. Anachoma, anavuta kidogo, anafunga, anakata, anatunga tena, na jicho lile moja linatoa machozi kwa kutafuta tundu la sindano. Sekela alishusha mkono mmoja, baadaye wa pili. Akaanza kuokota maharage, moja moja, macho yake yakiwa kwenye mkono wa bibi. Alipomaliza kuokota alirudi kwenye mkeka, akakaa karibu kidogo kuliko mwanzo.

Loisi alinipa blanketi nilikague. Nilifumba macho, nikapitisha kidole kwenye pindo. Pande tatu zilikuwa laini kama siku zote. Upande wa nne nao ulikuwa laini, mpaka nilipofika ile shubiri ya mwisho. Kidole kikagonga fundo, kikagonga fundo, kikagonga fundo. Kwa mwingine yeyote ningelifumua pale pale.

"Vipi?" aliniuliza.

"Limetoka vizuri," nikamwambia, nikalikunja.